Mazoezi ya Mtu Mmoja

Saa moja kamili asubuhi Yakoob alipiga filimbi, na Doudou Seck akaanza kuuzunguka uwanja peke yake. Hakukuwa na mwalimu wala mchezaji mwingine. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimetiwa kufuli jipya, kwa hiyo alikuwa amevaa viatu vyake akiwa ameketi kizingitini. Mpira alikuja nao mwenyewe, kwa sababu mipira ya klabu ilikuwa imeshasafirishwa kwenda kaskazini pamoja na koni, nyavu, na hata birika la chai.

Yakoob alirudi kwenye kiti chake cha plastiki, kitabu cha mahudhurio magotini. Saa moja aliupiga picha uwanja kwa simu, saa mbili akaupiga tena, saa tatu akaupiga mara ya mwisho, na picha zote akazituma ofisini, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka Durban. Kisha akaandika kwamba mchezaji alikuwepo. Walipeana mikono wakaachana. Walikuwa wamefanya hivyo siku sita kwa wiki tangu mwisho wa Januari, na sasa ulikuwa mwezi wa Machi.

Katika nchi hiyo klabu huweza kuuzwa kama duka. Mnunuzi huchukua nafasi yake katika ligi, akabadili jina na mji, na wachezaji wakahama nayo kama viti na meza. Ridge Athletic, klabu ya Doudou, iliuzwa hivyo, kati ya mechi mbili. Mmiliki mpya tayari alikuwa na wachezaji watano wa kigeni, na sheria haikumruhusu wa sita. Doudou, mshambuliaji kutoka Senegali, akabaki kama fungu la mboga lililosahaulika sokoni. Walimtaka achukue mishahara miwili na kutia sahihi kwamba ameondoka kwa hiari. Akakataa. Ndipo wakamwandikia barua: atafanya mazoezi peke yake hadi mkataba utakapokwisha mwisho wa Juni, na akikosa siku moja bila ruhusa ya maandishi, mkataba umevunjika.

Mkataba ukivunjika, kibali chake cha kazi nacho kingekufa, maana kiliandikwa kwa jina la klabu. Kibali cha mkewe Verediana na cha binti yao Lulu viliandikwa kwa jina lake. Nyumba yao ya vyumba viwili huko Umbilo, shule ya Lulu, na kazi ya Verediana ya kupiga pasi kwa dobi wa Barabara ya Umbilo, vyote vilining'inia kwenye miguu ya mtu mmoja aliyekuwa akizunguka uwanja mtupu.

Watu hawakujua hayo. Walichokijua ni kilichokuwa kwenye simu zao. Shabiki mmoja wa zamani alikuwa amesimama nje ya uzio akamrekodi, na akaandika chini ya picha kwamba huyu ndiye mshambuliaji anayekimbizwa na kivuli chake. Lulu, mwenye miaka tisa, alionyeshwa shuleni. Aliporudi nyumbani alimwuliza baba yake kama ni kweli kwamba zamani alikuwa anafunga mabao.

"Mengi," alisema Doudou.

"Wapi?"

Alimtajia. Thiès alikozaliwa, kisha Dakar, Sfax ya Tunisia, Salalah ya Omani, Goa ya India. Halafu Dar es Salaam, ambako alijifunza Kiswahili na kumwona mama yake Lulu akiwa mpishi wa kambi ya timu. Baada ya hapo Ndola, Hai Phong, Benguela, na sasa hapa. Mtoto alihesabu kwa vidole, vikamwishia.

Verediana alisikia kutoka jikoni. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, mrefu, mkavu wa maneno. "Mwambie na lingine," alisema. "Mwambie ni wapi ulimaliza mkataba."

Doudou alivikunja vidole vya mtoto kimoja kimoja. Hakuna alipomaliza. Sikuzote alinusa mabadiliko mapema, akafunga begi kabla hajafunguliwa mlango. Alijivunia hilo. Alipenda kusema kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kumfukuza.

*

Mwaka huo Kwaresma na Ramadhani zilianza wiki moja, hivyo mume na mke walifunga pamoja, kila mtu kwa njia yake. Verediana aliacha nyama na sukari. Jioni alimpikia mumewe uji wa pilipili manga na kumwekea tende mezani, kisha akakaa naye hadi adhana ya kwenye simu ilipolia.

Jumatano ya wiki ya mwisho ya mfungo, Peguy alifika wakati huo huo wa futari, kama kawaida ya watu wanaojua saa za chakula. Alikuwa Mkongomani, wakala wa wachezaji, mwenye viatu vilivyochongoka na bahasha isiyokosa kwapani. Alikula tende nne, akasifu uji, kisha akafungua bahasha.

"Vieux, mzee wangu, iko timu Luanda," alisema. "Inakutaka wewe, haiulizi mingi. Unasaini ile karatasi ya klabu, unabeba mishahara yako mbili, tarehe kumi ya mwezi ujao uko ndani ya avion, unaruka."

"Na sisi?" Verediana aliuliza.

"Mama Lulu, ninyi munafuata. Pole pole."

"Pole pole mpaka lini, shemeji? Hai Phong ulisema tutafuata. Benguela ulisema tutafuata. Lulu alimjua baba yake kwenye simu mpaka alipotimiza miaka mitano. Alikuwa akimpa uji, anapaka kwenye kioo."

Peguy alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine aliyecheka. Akamgeukia Doudou na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba mpira hauna heshima, una pesa tu, na kwamba mtu anayekimbia peke yake mbele ya mtu mwenye filimbi hata pesa hana, kwa sababu hiyo si kazi, ni adhabu. Maneno hayo yalimwingia Doudou kuliko alivyoonyesha. Aliichukua karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya redio. Hakutia sahihi, lakini hakuirudisha pia.

Peguy alipokwisha kuondoka, Verediana aliosha vikombe. "Miezi mitatu na kidogo," alisema, akiwa amempa mgongo. "Katika miezi hiyo chama cha wachezaji kitatupatia karatasi za kukaa, au utapata klabu hapa hapa, au tutarudi Bukoba tukiwa na akiba na mtoto amemaliza muhula. Sitaki kitu kikubwa, Baba Lulu. Nataka tuondoke mahali kwa mlango, siyo kwa dirisha."

*

Sikukuu ilikuwa jambo ambalo Doudou aliamini amelipanga vizuri. Wiki mbili kabla, alikuwa ameandika barua kuomba ruhusa ya siku moja ya Id. Tarehe aliichukua kwenye kalenda ya ukutani aliyotumiwa na mama yake kutoka Thiès: Ijumaa. Jibu lilikuja na muhuri. Ijumaa imeruhusiwa, siku nyingine yoyote itahesabiwa kuwa utoro. Verediana alishona gauni la Lulu la rangi ya zabibu, na Doudou akatoa kabatini joho lake la Kisenegali, pana, la buluu, akalinyoosha mwenyewe kwa pasi.

Alhamisi jioni walifuturu haraka na kukaa karibu na redio. Katika nchi alizopitia, klabu zenyewe zilimpa siku ya Id kwa maandishi, kama zinavyotoa ratiba ya ligi, naye hakuhitaji kuuliza habari za mwezi. Hakuwahi kuwa Durban mfungo ukiisha. Miaka iliyotangulia timu ilikuwa safarini, na aliswali mahali alipofikia. Hakuwaza kwamba Waislamu wa mji huu hawaahidi siku. Husimama ufukweni na juu ya vilima baada ya jua kuzama, wakautafuta mwezi kwa macho yao, na kabla ya hapo hakuna awezaye kusema lolote.

Mtangazaji alisoma taarifa polepole. Mwezi haukuonekana. Kesho Ijumaa watu wataendelea kufunga. Id itakuwa Jumamosi.

Lulu alikuwa ameshavaa gauni ili aone linavyozunguka. "Basi si kesho?" aliuliza.

"Si kesho," alisema Doudou. Alikuwa amekwisha kuelewa yote, na uso wake ulijikunja kama wa mtu aliyekosa penalti. Ijumaa alikuwa na ruhusa ya sikukuu ambayo haikuwepo. Jumamosi ilikuwa sikukuu bila ruhusa. Swala ya Id ingeswaliwa saa moja, na saa moja alitakiwa uwanjani.

Alipiga simu ofisini, ikaita bila kupokewa. Aliandika ujumbe, akaandika mwingine. Maombi yalitakiwa siku mbili kabla.

"Umefungwa na sikukuu yako mwenyewe," alisema Verediana. Alitaka kufanya mzaha, lakini sauti haikumtii. "Sisi Pasaka tunaijua mwaka mzima kabla. Hukuuliza mtu?"

"Nilimwuliza mama."

"Mama yuko Thiès, Baba Lulu. Mwezi wa hapa atauonea wapi?"

*

Ijumaa alikwenda uwanjani ingawa alikuwa na ruhusa. Yakoob alikuwa kwenye kiti chake, akiupiga picha uwanja usio na mtu. Alikuwa mzaliwa wa Durban, wa wale Wazanzibari wa Chatsworth ambao babu zao waliletwa huko zamani sana kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake, chenye mapengo, na mapengo hayo aliyaziba kwa Kizulu na Kiingereza.

Doudou alimwambia shida yake. Yakoob alisikiliza akiangalia chini.

"Barua yako niliiona," alisema hatimaye. "Ile siku uliyoileta. Nikajua, eish, huyu ameandika Ijumaa. Sisi hatuandiki kabla ya mwezi. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Nikikusaidia, wao watajua. Wao wanataka ukose siku moja. Moja tu, ndugu."

Walikuwa wamefunga pamoja karibu mwezi mzima, mmoja akikimbia bila kunywa maji na mwingine akimtazama bila kunywa maji. Doudou alimwomba amwandikie kesho kwamba alikuwepo. Yakoob akamwonyesha simu: picha tatu, na kila picha saa yake juu, na mtu wa ofisini akizikagua moja moja. Kisha akasema jambo ambalo lilimgharimu kulisema. Wafanyakazi wote wa Durban walikuwa wameachishwa, isipokuwa yeye. Aliachwa ili amhesabu Doudou. Siku Doudou atakapokosa, kazi ya Yakoob nayo itakuwa imekwisha.

"Kwa hiyo kesho na wewe uko hapa?" aliuliza Doudou. "Siku ya Id?"

"Saa moja. Lazima nipige picha kwamba hukuja."

Doudou alicheka kicheko kibaya, akaondoka bila kumpa mkono. Alipanda kilima hadi nyumbani akiwa na hasira iliyompa nguvu, na hasira hiyo ikamfanyia uamuzi. Alimwambia mkewe kwamba kesho angevaa joho lake na kwenda kuswali na watu, kwenye uwanja ulio karibu na bahari. Baadaye angetia sahihi karatasi ya Peguy. Mtu hawezi kuacha swala ya Id ili azunguke majani, wala hawezi kumlinda mtu aliyemwona anaelekea shimoni akanyamaza.

Verediana aliweka pasi chini. Alikuwa amengoja maneno hayo tangu Januari, na sasa yalipokuja hakuyakuta makubwa kama alivyoyaogopa.

"Sitakuwa mwanamke aliyekunyima Mungu wako," alisema. "Nenda ukaswali. Kama ni Mungu, mimi nitafunga mabegi na sitalalamika, hata mbele ya mama yangu. Lakini usiseme ni Mungu kama ni miguu yako tu inataka kuondoka."

Doudou alikwenda chumbani, akakaa kitandani mpaka Lulu alipokuja kumwambia kwamba adhana imelia na uji unapoa.

*

Jumamosi alioga, akala tende, akavaa joho. Chini ya mkono alibeba begi dogo. Mkewe aliliona begi na hakuuliza lilikuwa na nini. Alijiambia kwamba ni mkeka.

Barabara ya Umbilo ilikuwa tulivu. Magari yaliyojaa watu wenye kanzu na watoto waliopakwa hina yaliteremka kuelekea baharini, na dereva mmoja akapunguza mwendo, akamwuliza kama anakwenda Id, apande. Doudou alisimama penye robot, taa za barabarani, zikageuka kijani, zikageuka nyekundu. Alikuwa amewaza usiku kucha juu ya maneno ya mkewe, na alitaka yawe ya uongo. Lakini alipojaribu kujiona kwenye safu, katikati ya watu elfu, alichokiona ni Yakoob kwenye kiti cha plastiki, amevaa nguo ya sikukuu, akipiga picha ya majani. Watu wangapi alikuwa amewaacha hivyo? Mpishi wa Ndola aliyemwekea chakula siku mbili. Mlinda mlango wa Hai Phong aliyemdhamini nyumba. Hakuwahi kurudi nyuma kuona waliobaki walifanywa nini.

Alimshukuru dereva, akakunja kulia, akashuka bondeni.

Yakoob alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia mpya ya kufuma. Alipomwona alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Wewe hukwenda," alisema.

"Na wewe hukwenda."

"Mimi sina la kufanya."

"Piga filimbi," alisema Doudou. "Zimebaki dakika mbili."

Alivua joho, akalikunja kwa uangalifu na kuliweka kwenye kizingiti cha chumba kilichofungwa, kisha akatoa begini viatu vyake na mpira. Filimbi ikalia. Alikimbia. Hapakuwa na mfungo tena, lakini hakunywa maji. Mwili ulikuwa umeshazoea. Mzunguko wa kumi alianza kuusikia mguu wa kushoto, ule uliovunjika Goa. Alipiga mpira golini pasipo na wavu, akaufuata hadi kwenye uzio, akarudi nao, akapiga tena. Mara moja upepo ulileta takbira za mbali, labda kutoka msikiti wa karibu, labda kutoka kwenye gari. Wote wawili waliinua vichwa. Kisha Doudou akaendelea, na Yakoob akapiga picha ya saa mbili.

*

Verediana hakukaa nyumbani. Gauni lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya siku ile, na mtoto hakuwa na kosa. Alimvika, akajifunga kitambaa kichwani kwa heshima, wakapanda taksi hadi mjini na kutembea hadi uwanja wa Id. Alisimama nyuma ya wanawake, na swala ilipokwisha alilitafuta joho la buluu. Watu walikumbatiana, wakapeana haluwa. Mwanamke asiyemjua, aliyejitambulisha kwa jina la Safiyyah, alimpa Lulu sambusa mbili na kumwuliza wamempoteza nani.

"Baba yake," alisema Verediana.

"Amevaaje?"

Alimweleza. Safiyyah alimtuma mumewe akatazame upande wa wanaume. Alirudi akitikisa kichwa. Mwafrika mrefu mwenye joho la buluu hakuonekana. Verediana alishukuru. Alisimama kitambo kidogo mahali alipokuwa, akiwa amemshika Lulu mkono kwa nguvu kiasi kwamba mtoto alilalamika, kisha akaenda kutafuta taksi ya kurudi Umbilo.

Njiani Verediana alibadili nia, wakaenda uwanjani badala ya nyumbani, wakafika bondeni saa tatu na robo. Lango lilikuwa wazi. Picha ya mwisho ilikuwa imeshatumwa, na Yakoob alikuwa amemwambia Doudou kwamba kwa madhehebu ya kwao Id huswaliwa hata na watu wawili, hata na mmoja, maadamu jua halijafika utosini. Doudou alisema kwao Thiès hakuwahi kusikia Id ya watu wawili. Yakoob alisema kwao Chatsworth hakuwahi kusikia mazoezi ya mtu mmoja. Basi walitawadha kwa bomba la mwagiliaji, wakatandika joho la buluu juu ya majani kwa kuwa mkeka haukuwepo, na Yakoob akatangulia mbele.

Mama na mtoto waliwakuta wamesujudu. Lulu alitaka kukimbia kwa baba yake. Verediana alimzuia begani. Walingoja kwenye mstari, mahali wanaposimama wachezaji wa akiba, mpaka wanaume wale walipotoa salamu kulia na kushoto, wakageukiana, na kukumbatiana.

Doudou alimwona mkewe. Alikuja akichechemea, jasho limemkaukia usoni na majani yamemganda kwenye paji la uso. Alimwinua Lulu, akambusu, akamshusha.

"Nimekutafuta kwa watu elfu mbili," alisema Verediana. "Mpaka watu wakanisaidia kukutafuta. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini," alisema Doudou.